Hamoki Inapokugomea: Dalili, Chanzo na Tiba, Kutoka Ufukweni Hadi Milimani

Mtu akilala vibaya kwenye hamoki, asubuhi lawama zote huangukia kitambaa. Atasema ni fupi, ni chepesi mno, ni cha bei rahisi. Nimewafungia wageni hamoki kuanzia ufukwe wa Pangani hadi misitu ya Lushoto, na ni mara chache sana kitambaa ndicho kilichokosea. Kosa huwa kwenye mti uliochaguliwa gizani, kamba iliyonunuliwa kwa haraka, au mahali ambapo hapafai kulala mtu.

Jina nalo lina mgogoro wake. Kamusi zinasema machela, lakini ukiwaambia watu umelala kwenye machela watauliza uliugua nini. Kwenye kambi wanasema hamoki, basi nami nasema hamoki.

Anzia kwenye dalili inayokusumbua. Rekebisha jambo moja, kisha lala dakika tano kabla hujagusa la pili. Ukibadilisha matatu kwa mpigo hutajua lipi lililokuponya, na kambi ijayo utaanza upya.

Mgongo unauma, mabega yamebanwa

Hapa kuna maradhi mawili yanayofanana. Kama umekunjika mfano wa ndizi, kidevu kimegusa kifua, basi umelala kufuata urefu wa kitambaa. Lala mshazari: kichwa kisogee kushoto, miguu kulia, au kinyume chake. Kitambaa kitatandazika na mgongo utanyooka karibu kama kitandani. Wengi hupona hapo hapo.

Kama unabanwa mabega hata ukiwa mshazari, umeikaza mno. Hili ndilo kosa ninalolikuta kuliko yote. Tumezoea kitanda bapa, basi tunavuta mikanda mpaka hamoki inyooke kama kamba ya kuanikia nguo. Inatakiwa ilegee, ichukue umbo la mwezi mwandamo.

Mkanda ushuke kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Kipimo unacho mkononi: nyoosha kidole cha shahada, simamisha gumba, kama mtoto anayecheza bastola. Shahada ikiwa imelala sawa na ardhi, mstari wa kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya shahada ndio mteremko unaoutaka.

Pembe hiyo si ya starehe tu. Kwa nyuzi 30, mtu wa kilo 70 anauvuta kila mkanda kwa uzito wa kilo 70. Mtu huyo huyo akikaza hadi nyuzi 10, kila mkanda unabeba karibu kilo 200, na hapo bado hajajigeuza. Mishono ikifumuka usiku, usimtafute fundi aliyeshona. Tazama kwanza jinsi ulivyofunga.

Miti miwili iachane hatua tano ndefu, yaani mita nne hadi tano, na mkanda ufungwe usawa wa kichwa chako au juu kidogo. Kila mita moja inayoongezeka kati ya miti, pandisha mkanda kama sentimita 30. Miti ikiachana mita saba utahitaji ngazi, kwa hiyo tafuta mingine. Ukishaketi, makalio yawe usawa wa kiti cha kawaida, sentimita 45 hivi kutoka chini. Kuna vijana hupenda kujifunga juu wapigwe picha. Picha ni dakika moja, na kutoka pale juu hadi chini ni muda mfupi zaidi ya hapo.

Ulilala juu, umeamka unagusa majani

Uliza maswali matatu, kwa mpangilio huu.

Je, hamoki ililowa? Nailoni hurefuka ikiingia unyevu, na umande wa alfajiri peke yake unatosha. Kaza zaidi kidogo kabla ya kulala ukijua itashuka, au tumia mikanda ya polyesta, ambayo hairefuki sana kwa maji.

Je, kamba imeteleza? Kamba ya manila ya madukani ni laini, na fundo lake hulegea polepole usiku kucha. Inavutika pia, na jua huila: iliyokaa juu ya paa msimu mzima isikaribishwe kubeba mtu. Katani haivutiki hivyo, lakini huoza ikikaa na unyevu na hukata magome. Mimi nimezaliwa Tanga na katani naipenda, ila kwa kazi hii naiacha nyumbani. Chukua mikanda bapa ya kufungia mizigo, upana usipungue sentimita mbili na nusu. Haiteleziki ovyo, na haiukati mti.

Je, mti umeinama? Ukiona mashina yamekaribiana kuliko ulipofunga, miti ni michanga. Nataka shina nene kama paja la mtu mzima, na lililo hai. Gonga kwa jiwe. Likilia kama ngoma lina uwazi ndani. Njia za udongo za mchwa juu ya gome ni onyo jingine. Mpapai na mgomba si miti ya kufungia chochote, ingawa nimeona mtu aliyejaribu mgomba, akalala nao chini wote wawili.

Vilevile tazama juu. Mkaratusi hudondosha matawi bila taarifa, na mgrevilea, ule uliojaa mipakani mwa mashamba ya Lushoto na nyanda za juu za Kenya, matawi yake ni mepesi kukatika upepo ukivuma. Tawi kavu lililokwama juu yako halina dawa. Hama.

Na mti una mwenyewe. Mwembe wa shambani au mkarafuu wa Pemba ni riziki ya mtu. Piga hodi kabla ya kuzungusha mkanda. Kwenye misitu ya Kaya ya Wamijikenda, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, usithubutu kufunga kitu bila ruhusa ya wazee.

Usiku kucha unateleza kuelekea miguuni

Dalili hii ni ya wenyeji wa milima. Uluguru ni mahali pazuri pa kuijifunzia: ukisimama juu ya Morogoro, hakuna palipo sawa hata pa kuweka sufuria. Watu hupima mkanda kutoka ardhini kila upande, mita moja na nusu huku, mita moja na nusu kule, wakasahau kuwa ardhi yenyewe imepanda. Hamoki haijui ardhi. Inajua usawa wa miti miwili.

Funga kufuata ubavu wa mlima, miti yote miwili iwe kimo kimoja cha mteremko. Ikishindikana, tundika chupa ya maji isiyojaa katikati ya hamoki, uilaze, usome maji yalivyokaa. Kisha pandisha upande wa miguu sentimita 20 hadi 30 kuliko wa kichwa. Inaonekana kichekesho, lakini kiwiliwili ni kizito kuliko miguu na ndicho kinachozama. Magoti yakiuma kwa kunyooshwa mno, weka nguo iliyokunjwa chini yake.

Kwenye mteremko shuka hamoki kwa upande wa juu wa mlima. Upande wa chini, pale ulipotegemea ardhi, ardhi iko mita moja zaidi.

Kifua kina joto, mgongo unaganda

Wageni hunijia na blanketi mbili, wakajifunika zote, wakaamka saa kumi usiku wakitetemeka. Blanketi halitengenezi joto. Linashika hewa iliyopashwa na mwili. Lile ulilolilalia umelikandamiza, hewa imetoka, na upepo unapita chini yako kama unavyopita chini ya daraja. Kuongeza la tatu juu hakusaidii kitu.

Weka kinga chini. Kipande cha godoro la sponji chenye upana wa mabega, kilichoingizwa ndani ya hamoki, kinatosha sehemu nyingi. Kinachofaa zaidi ni blanketi la kuning'iniza kwa nje: lifunge ncha mbili kwa mpira wa kuvutika, ligusane na hamoki bila kubanwa na uzito wako. Shuka nzito za Kimasai mbili zimewahi kunifanyia kazi hiyo, ingawa ukizifunga zikalegea, upepo unapita katikati na umepoteza shuka zote mbili.

Kiasi gani kinahitajika? Kila ukipanda mita 100, joto hushuka kwa nyuzi 0.6 hivi. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, kwa hiyo ukitoka Tanga umeacha njiani nyuzi nane. Panda hadi msitu wa Magamba, unaovuka mita 2,000, na Julai ile ile uliyokuwa ukijipepea pwani inakuwa baridi ya kuhesabu vidole. Uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi, hupata sakitu usiku wa kipupwe, na juu ya hayo hauna miti ya kufungia. Huko nenda na hema.

Wa pwani nao wasijidai. Upepo unaotoka bara alfajiri, mabaharia wanauita umande, ukikupitia mgongoni bila kinga utautafuta ule mkeka uliouacha nyumbani.

Turubai halivuji, lakini umelowa

Shika mkanda wako kwenye giza. Ukiwa umelowa kuja hadi kwenye hamoki, chanzo umekikamata: maji yanatiririka kwenye shina, yanafuata mkanda, yanaingia chini ya turubai, yanakukuta kiunoni. Funga kipande cha uzi wa pamba kwenye mkanda, kati ya ukingo wa turubai na mwanzo wa hamoki, ukiache kining'inie. Maji yakifika hapo hufuata uzi na kudondoka chini. Shilingi hazitumiki, na wakati wa masika uzi huo una thamani kuliko turubai jipya.

Mkanda ukiwa mkavu, chunguza turubai lenyewe. Limekaa juu mno? Mvua ya pwani huja kwa ubavu, haishuki wima. Lishushe, upande wake mrefu uelekee upepo. Ukiuelekezea upepo ncha iliyo wazi umejijengea bomba. Na Amani, Usambara Mashariki, unaweza kulowa bila tone la mvua: ukungu hushika majani, ukadondoka. Huko turubai hufungwa hata anga likiwa na nyota.

Mbu wanauma na neti iko sawa

Wanaingilia chini. Kitambaa cha hamoki kikikaza mgongoni, mdomo wa mbu unapita, na neti uliyoitundika juu haina habari. Lile sponji la baridi ni dawa ya hili pia. Kama joto halikuruhusu sponji, zungusha chandarua chenye dawa kwenye hamoki nzima, chini na juu, ukusanye ncha zake na kuzifunga kwenye mikanda. Kiwiko kisigusane na neti. Mbu hawahitaji tundu pale ngozi ilipoegemea. Katika ukanda wa malaria hili si suala la kuwashwa peke yake.

Ukiumwa mchana kweupe kwenye miyombo, huenda ni mbung'o. Hapo chunguza rangi ya hamoki yako. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa sababu rangi hizo humvuta, na maduka yanapenda kuuza hamoki za buluu. Kwenda nayo Katavi ni kujitundika kama chambo. Chukua ya kaki au ya rangi ya majani makavu, na ujue kwamba mbung'o ndiye anayeeneza malale.

Wanaotambaa wana njia moja tu, ile uliyoifunga wewe. Kabla ya kufunga kwenye mwembe, mchungwa au mkorosho, inua macho utafute majani yaliyoshonwa pamoja kama mpira. Hao ni maji moto. Wakulima wanawapenda, maana hula wadudu waharibifu, wewe hutawapenda. Siafu hutembea sana mvua zikianza: ukiona msafara umepita mguuni mwa mti, chagua mti mwingine, usijaribu kuwachepusha. Mafuta ya mgando yaliyopakwa kwenye kipande cha mkanda huwapunguza wale wachache wanaopeleleza.

Ukiwashwa mwili mzima na huoni mdudu, kumbuka uliitandika wapi hamoki ulipokuwa ukifungua mizigo. Kama ni juu ya kichaka wakati wa kiangazi, na kulikuwa na maganda yenye manyoya ya dhahabu, umelala na upupu. Usijikune wala kusugua. Bandua manyoya kwa utepe wa gundi, kisha oga, na hamoki ifuliwe mara mbili. Alama nyekundu inayochoma kama moto, iliyojitokeza siku moja baadaye, ina mwenyewe mwingine: mdudu mwembamba mwenye mapingili mekundu na meusi, anayezidi baada ya mvua nyingi. Hang'ati. Ulimponda usingizini, na sumu iko mwilini mwake. Ukimwona ngozini mpulize, halafu osha mahali hapo kwa sabuni.

Ufukweni: maji yako chini yako

Mgeni alifika jioni, bahari inakupwa, akaona mivinje miwili mizuri karibu na mchanga mweupe. Saa kumi usiku viatu vyake vilikuwa vinaelea. Ilikuwa mwezi mpevu, yaani bamvua, na Unguja bamvua kubwa hupandisha maji karibu mita nne kutoka kupwa hadi kujaa. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, ndiyo maana mtu anaweza kulala pale pale wiki nzima salama, kisha wiki ya pili akaoshwa.

Uliza wavuvi. Usipomwona mvuvi, tafuta mstari wa mwani mkavu na vijiti ufukweni, ufunge juu yake kwa mbali. Kwenye mikoko tazama chaza na matope yaliyoganda kwenye mashina. Maji hufika kimo hicho, na bamvua huweza kukipita. Mikoko usiikate kujitengenezea nafasi, inalindwa kisheria.

Mnazi ni imara, hauna tatizo la kubeba mtu. Tatizo liko juu. Nazi ikiiva haichagui saa, na kuti zima likianguka ni zito kuliko watu wanavyodhani. Lala tu chini ya minazi iliyoanguliwa karibuni na kuparuliwa makuti, na hata hapo muulize mwenye shamba.

Vigingi havishiki mchangani. Jaza mfuko kwa mchanga, funga kamba ya turubai katikati yake, uzike kina cha mkono hadi kiwiko, ushindilie. Kusi la Julai kwenye pwani ya mashariki ya Unguja halijaninyang'anya turubai tangu nianze kuzika mifuko.

Hakuna mti, au uliopo haufai

Nyika ina miti, ila migunga ina miiba, na aina mojawapo ina vinundu ambamo sisimizi wanaishi. Ukiitikisa watatoka wote. Mnyaa usiuguse kabisa, utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kulidhuru vibaya. Mbuyu ni mnene kuliko mkanda wowote ulio nao, na mara nyingi nyuki wamewahi ndani.

Miti mizuri kuliko yote ya nyika husimama kando ya mto mkavu, na ndipo mtego ulipo. Mvua hunyesha milimani usiyoiona, korongo likajaa usiku bila wingu juu yako. Tafuta takataka zilizonasa kwenye matawi: zilipo ndipo maji yalipofika. Kama zimekupita kichwa, ondoka.

Migunga ya magome ya manjano kando ya ziwa Naivasha nayo inavutia macho, lakini viboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi. Ukifunga kati ya ziwa na nyasi umeziba barabara ya mwenye kilo zaidi ya elfu moja. Ndani ya hifadhi za taifa kambi ni pale palipopangwa na wenye hifadhi, na usiku mahali pako ni ndani ya hema lililofungwa zipu. Fisi hufika hadi kambini, na mtu aliyening'inia wazi kimo cha kiti yuko sawa kabisa na mdomo wake.

Kanda ya Ziwa Viktoria ongeza radi. Ngurumo ikianza, toka kwenye hamoki iliyofungwa mti mrefu uliosimama peke yake, uingie kwenye nyumba au gari.

Kuna mtu ananyongwa juu ya mti

Hili huulizwa na kila anayelala Usambara au Kilimanjaro mara ya kwanza. Sauti huanza kama mlango usiopakwa mafuta, inapanda, inaishia mayowe. Ni perere dume, mnyama wa ukubwa wa sungura, anatangaza eneo lake. Kule pwani, ukisikia mtoto mchanga analia mkorosheni, huyo ni komba. Perere akishamaliza, mwingine humjibu kutoka ng'ambo ya bonde, na wataendelea hivyo karibu mpaka alfajiri, kwa hiyo chukua pamba za masikioni.